Hekta ya Yunisi

Jumamosi, 1 Julai 1972

Mimi Mughwai ndiye kichwa kikubwa kuliko vyote vilivyopata kuingia darasani tangu Mjerumani alipojenga boma lake Singida. Kama yupo aliyenizidi, ameshakufa, na huko aliko habari zangu anazisikia. Nikipita nje ya darasa la nne, watoto wanajua kuzidisha. Nikikohoa, ubao unajifuta wenyewe.

Nimeandika hivyo kwa sababu Mwalimu Leah, wa Kiswahili, ametuambia tuandike kila siku, kweli au majigambo. Leo walimu wa shule tatu wamekaa kwenye darasa letu la saba, wa hapa kwetu nyuma ya Mtinko, wa shule ya upande wa Iguguno, na wa ile ya ng'ambo ya mbuga, kupeana mbinu za kutupandisha alama kabla ya mtihani wa Oktoba. Sisi thelathini na wawili tuliwekwa mbele yao kama mbuzi wa mnadani, kila mwalimu atujaribie mbinu yake. Mbinu ya Mwalimu Leah ni daftari hili. Alisema hatalisoma, atahesabu kurasa tu. "Mkono unaoandika kila siku hautetemeki siku ya mtihani." Wangu hautetemeki hata nikichapwa.

Mwalimu Simeoni wa Iguguno, mrefu, suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyama, yeye alisema jaribio kila Ijumaa, na majina yabandikwe mlangoni kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, wazazi wapite waone. Mwalimu wetu wa hesabu, Manase, alisema jozi. Mwenye nguvu afungwe na dhaifu, amfundishe. "Ng'ombe wa jembe hufungwa wawili wawili," alisema, "na fimbo huwapata wote." Walimu wakacheka. Sisi hatukucheka, maana Mwalimu Manase akitaja fimbo hatanii.

Mwisho akasimama Mwalimu Mkuu, Paskali. Akasema miaka minne shule yetu haijatoa mtoto hata mmoja kwenda sekondari, na imekuja barua kutoka wilayani. "Na mwaka huu wa tano, kama tena..." Alikunja ile barua vipande vinne, vinane, mpaka haikukunjika tena.

Nilikuwa sijajua kwamba Mwalimu Mkuu naye huogopa. Sikupenda kujua.


Jumanne, 4 Julai

Jozi zimetangazwa. Nimefungwa na Yunisi, binti wa Mama Marietha, yule mjane wa karibu na zahanati. Alipoambiwa alikuja mbele yangu akapiga goti mpaka chini. "Shikamoo, mzee." Darasa likafa kwa kicheko.

Ananiita mzee kwa ajili ya ndevu. Nina miaka kumi na saba. Niliacha shule darasa la tano nikachunga ng'ombe wa baba mdogo miaka miwili, kisha nikarudi nikaruka yale niliyoyakosa. Nusu ya shule naijua, nusu nyingine naikisia, na sijapata kukamatwa.

"Marahaba, mjukuu," nikamwambia. "Hesabu unajua?"

"Najua kuhesabu nywele za kidevuni kwako. Ni kumi na moja."


Ijumaa, 7 Julai

Jaribio la kwanza. Mimi wa pili. Yunisi wa kumi na tisa. Fimbo mbili kila mmoja, yeye kwa kukosa, mimi kwa kumwacha akose.


Jumapili, 9 Julai

Upepo. Mchanga kwenye ugali, mchanga kwenye mlenda, mchanga mpaka kwenye sala.


Jumamosi, 15 Julai

Walimu wamekuja tena. Safari hii walitutoa nje wakafunga mlango muda mrefu. Tulipoitwa ndani, wote walikuwa wanatazama sakafu, isipokuwa yule wa ng'ambo ya mbuga, ambaye alionekana ameshiba.

Mwalimu Mkuu akatuambia kwamba majina yatapelekwa wilayani tarehe 15 Septemba. Atakayekuwa chini ya nafasi ya ishirini mlangoni, jina lake halitapelekwa. Atarudia mwakani, "kwa faida yake mwenyewe". Klara, wa ishirini na saba, akauliza kama akirudia mwakani na akawa wa ishirini na saba tena itakuwaje. Mwalimu Mkuu akamwambia akae.

Tulipotoka Yunisi hakutania. Kwenye njia panda akanieleza. Mjomba wake, Antipasi, wa kule Itigi, ameandika. Yunisi akifaulu, mjomba atauza dume amnunulie sanduku, blanketi na sare. Asipofaulu, mwezi wa kwanza anakwenda Itigi kulea watoto wa mjomba, ambao ni saba, na mkubwa wao ana umri kama wake.

"Atamlea vipi mtu wa umri wake?" nikauliza.

"Hata mimi nataka kujua. Labda nitambeba mgongoni."

Kisha akasema polepole, "Nani atamchotea mama maji?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amefungwa na Mughwai. Nilimwambia nimewahi kumfundisha punda kugawanya. Akacheka. Mimi usiku nilihesabu: kutoka kumi na tisa mpaka ishirini ni hatua moja tu.


Jumanne, 18 Julai

Mwalimu Manase ameandika ubaoni maneno manne, KILO, LITA, MITA, HEKTA, akasema hivi ndivyo vipimo vipya vya taifa. Ratili, galoni, yadi na ekari zinakwenda zao. Kitabu kipya hakijafika shuleni kwetu. "Mtihani unaweza kuuliza. Someni kwa jozi." Akafuta upesi. Nilimtazama mgongo nikaona kama vile alifuta kabla mtu hajanyoosha mkono.

Jioni Yunisi akaniuliza, "Mzee, kilo najua. Lita najua, iko kwenye chupa ya mafuta ya taa. Hekta ni nini?"

Hapo ningesema sijui. Mdomo wangu haujazoea neno hilo, tangu nizaliwe haujapata kulitamka, nikaona si vizuri kuanza mbele ya msichana.

"Hekta? Hata mbuzi wanaijua."

"Basi niambie, nisipitwe na mbuzi."

Nikafikiri haraka. Kilo ni gramu elfu. Kilomita ni mita elfu. Mambo mapya yote ni elfu. "Hekta ni mita elfu za eneo," nikasema. "Kesho njoo shambani nikuonyeshe kwa miguu, hutasahau mpaka uzeeni."


Jumatano, 19 Julai

Tumepima kwenye shamba la ujamaa, mtama umeshavunwa, yamebaki mabua. Hatua yangu moja ndefu ni mita moja, nimejipima kwa rula ya darasani. Kutoka kwenye kichuguu nikapiga hatua mia kuelekea barabarani, nikageuka nikapiga kumi. Yunisi alikuwa nyuma yangu na mzigo wa vijiti alivyokata kwenye ua wa minyaa wa kwao, anachomeka kimoja kila hatua tano, amefumba jicho moja utomvu usimwingie.

Tulipomaliza alisimama pembeni akatazama. "Mbona nyembamba hivi? Kama njia ya ng'ombe."

"Ndiyo vipimo vya kisasa. Vyembamba."

"Mwenyekiti alisema mkutanoni shamba hili ni hekta ishirini na zaidi. Ishirini za hivi hazijai hata robo."

"Mwenyekiti anapima kwa tumbo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akaitembea hekta yake yote, mia kwenda, kumi, mia kurudi, kumi, anahesabu kwa sauti. Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine. "Mughwai," akasema, hakusema mzee, "hii nimeielewa. Imeingia. Hesabu haijawahi kuniingia hivi."

Mimi nikajisikia mkubwa kuliko Mlima Hanang.


Ijumaa, 28 Julai

Yunisi wa kumi na nne. Hakuna fimbo.

Sasa tunapima kila kitu. Sehemu tunakata kwa mabua, asilimia kwa punje za mtama, mia kwenye ungo.


Jumamosi, 5 Agosti

Nimesifiwa mbele ya shule tatu. Naandika taratibu ili nisikose kitu.

Jana Yunisi alikuwa wa tisa. Leo Mwalimu Manase alitusimamisha mbele ya walimu kama fahali wa maonyesho. Mwalimu Simeoni akaniuliza nimetumia mbinu gani. Nikasema, "Nampeleka shambani, Mwalimu. Tunapima kwa miguu. Akikanyaga hasahau." Mwalimu Simeoni akatoa kijitabu mfukoni akaandika. Akawaambia wenzake, "Haya ndiyo tunayotafuta. Mtoto anamfundisha mtoto, na ardhi inawafundisha wote wawili." Wakakubaliana shule zote tatu zifanye hivyo.

Hakuuliza hatua ngapi.

Mama Marietha ameniletea karanga za kukaanga, bakuli zima. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umeniinulia mtoto." Mikono yake ni mikavu, anatembea anashika kiuno. Karanga nimezila peke yangu zote.


Alhamisi, 17 Agosti

Mbwa wa Mwalimu Mkuu amekula chaki. Leo anabweka kwa hati nzuri.


Jumamosi, 26 Agosti

Leo naandika nje, nyuma ya zizi, maana ndani bibi anauliza kwa nini sili.

Mwalimu Simeoni alikuja na kitabu kipya. Ni kimoja tu, wamekipata shuleni kwake, amekifunga kwa gazeti. Alisema leo mbinu yake ni kutugawia kitabu hicho, kwa kuwa kitabu kikikaa shule moja alama nazo zinakaa shule moja. Akafungua ukurasa wa vipimo. Yunisi hakuwepo. Alikuwa amempeleka mama yake kliniki Mtinko tangu alfajiri. Mahali pake kwenye benchi palikuwa wazi, nami nilikuwa nimeweka kofia yangu.

Mwalimu Simeoni akachora mraba ubaoni. Huku mia. Na huku mia. "Mita mia kwa mita mia. Mita elfu kumi za eneo. Hiyo ndiyo hekta moja."

Nilisikia masikio yanajaa maji. Nikatazama ule mraba. Ulikuwa mnene, umekaa sawa, hauna haya. Ile yetu kule shambani ingeingia humo mara kumi.

Nilikuwa bado naihesabu hiyo mara kumi nikasikia, "Na yuko wapi yule fundi wetu wa kupima kwa miguu? Simama, kijana, uwaeleze wenzako hekta ulivyompimia jozi yako."

Nikasimama. Darasa zima lilinitazama, na walimu saba, na Mwalimu Manase mkono uko kwenye fimbo, si kwa hasira, ndivyo unavyokaa. Nikasema, "Mia kwa mia, Mwalimu."

"Hatua ngapi kuzunguka?"

"Mia nne, Mwalimu."

"Mmeona," akasema Mwalimu Simeoni. Wakanipigia makofi. Yule wa ng'ambo ya mbuga pia alipiga.

Mwalimu Manase akasema wasiokuwepo leo somo watalipata kwa jozi zao, na asiyelifikisha atajieleza. Nikaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," pamoja na wengine, kwa sauti yangu ya kila siku.

Kesho nitamwambia. Ni jambo dogo. Nitasema, Yunisi, wamebadilisha. Nitasema serikali imepanua.


Jumapili, 27 Agosti

Nilimkuta kisimani, kuna watu. Kesho.


Jumatatu, 28 Agosti

Kesho.


Alhamisi, 31 Agosti

Leo nilikwenda kwa makusudi. Nilikata njia kupitia shamba la ujamaa nipange maneno. Nilipofika kwenye kichuguu nikasimama.

Ziko tatu. Yunisi amekata vijiti vingine vya minyaa, akachomeka hekta ya pili ubavuni mwa ile ya kwanza, na ya tatu ubavuni mwa ya pili. Kila pembe ameweka jiwe. Anafanya mazoezi peke yake. Ardhini nyayo zake zimekwisha kufanya njia, mia kwenda, kumi, mia kurudi.

Nilirudi nyumbani.


Ijumaa, 8 Septemba

Leo nimeona kitu nisichokitaka.

Simoni wa darasani kwetu, jozi ya Klara, alimfundisha Klara kugawanya kwa kuanzia kulia. Mwalimu Manase alimwita Klara ubaoni, naye akagawanya kuanzia kulia, akaulizwa ni nani aliyemfundisha. Klara alimtazama tu Simoni. Ikatosha. Simoni alipata fimbo sita. Si fimbo zilizonitisha, fimbo tumekula wote. Mwalimu Manase alikwenda mlangoni akachukua kalamu akakata jina la Simoni kwenye karatasi, na Simoni alikuwa wa saba. "Anayepotosha mwenziwe ni mbaya kuliko asiyejua. Jina lako halitakwenda."

Simoni alikwenda kukaa akafungua daftari, akaendelea kuandika kama vile hakusikia. Kalamu yake haikuwa na wino, niliona.

Mimi ni wa kwanza sasa. Yunisi wa kumi na moja. Nimeamua nitamwambia tarehe 16. Majina yakishapelekwa, hakuna wa kulikata langu. Bado wiki mbili na zaidi kabla ya mtihani, atakuwa na muda wa kutosha. Huo ni mpango wa mtu mwenye akili.


Jumamosi, 9 Septemba

Majaribio ya Ijumaa yote yanatoka kwenye kitabu cha zamani, ekari na yadi. Hekta haijaulizwa hata mara moja. Labda hata mtihani hautaiuliza. Watu wa mtihani nao wana kazi nyingi.


Ijumaa, 15 Septemba

Majina yamekwenda. Mwalimu Mkuu ameyapeleka mwenyewe kwa baiskeli, bahasha ameitia ndani ya shati. La Yunisi limo. Langu limo, ndilo la kwanza.


Jumamosi, 16 Septemba

Nimekwenda kwao. Hakuna tena wa kulikata jina langu.

Yunisi alikuwa anatwanga. Mama yake amelala kivulini, juu ya ngozi. Nikasaidia kupepeta, vibaya, makusudi, wakanicheka. Kisha nikasema, "Yunisi, kuna kitu nataka kukwambia juu ya hesabu."

Akaacha mchi. "Hata mimi nina kitu. Unajua kwa nini nimepanda? Si kwa sababu yako, usivimbe. Ni ile siku ya shambani. Nilikuwa nadhani kichwa changu kimefungwa. Siku ile niliona kumbe kinafunguka. Sasa nikikutana na swali gumu najiambia, wewe ni yule uliyeipima hekta."

Mama Marietha akasema pale alipolala, bila kufumbua macho, "Anaiota. Anahesabu usingizini."

"Haya, wewe ulitaka kusema nini?" Yunisi akaniuliza.

Nikasema, "Nilitaka kusema, usisahau kusoma swali mara mbili."

"Hilo ni la Mwalimu Leah."

"Mimi ndiye niliyemfundisha."

Akanirushia pumba. Nimetoka pale pumba bado zimo kichwani. Kwa hiyo haikuwa fimbo ya Mwalimu Manase wala jina mlangoni niliyoogopa. Naandika hivi na sielewi ni nini basi.


Jumatano, 20 Septemba

Kesho.


Jumamosi, 23 Septemba

Walimu wamekutana mara ya mwisho. Mwalimu Leah amehesabu kurasa zangu, akasema nimeongoza darasa. "Una mengi ya kusema, Mughwai." Nikasema ni kipaji.


Jumatano, 27 Septemba

Nilikwenda shambani kung'oa vijiti. Niliwaza kwamba akivikuta vimeng'olewa atauliza, na akiuliza nitalazimika. Nilikishika kimoja. Utomvu ukanitiririkia mkononi mweupe kama maziwa, nikahofia macho yangu, nikakiacha.


Jumanne, 3 Oktoba

Kesho mtihani. Jua limekaa juu ya shule halishuki. Mwalimu Manase leo hakushika fimbo, akawa hajui aweke wapi mikono.

Jioni Yunisi alikuja tukakaa juu ya jiwe la kusagia la bibi. "Niulize chochote," akasema. Nikamwuliza sehemu. Akajibu. Nikamwuliza asilimia, akajibu. Nikamwuliza mji mkuu wa Zambia, mito, magonjwa ya ng'ombe, wingi wa ufunguo. Nikamwuliza mpaka nikaishiwa, nikarudia mengine.

"Hekta hujaniuliza."

"Hiyo unaijua."

"Nataka tu kuisema."

"Nimekwambia unaijua, Yunisi. Nenda ukalale."

Alinitazama kidogo, kwa kuwa nilipaza sauti. Kisha akasema, "Hata wewe unaogopa, mzee. Afadhali. Nilidhani ni mimi peke yangu." Akaniachia mkate wa uwele aliopewa na mama yake anipe. Nikasimama pale namtazama anavyokwenda. Ni hatua mia moja na arobaini mpaka kwao. Nilizihesabu zote, na katika kila moja ningeweza kuita.


Jumatano, 4 Oktoba

Msimamizi ni mtu tusiyemjua, kutoka mjini, ana saa ya mfukoni. Alituketisha mbalimbali. Yunisi mbele, safu ya dirishani, niliweza kuona shingo yake na mkono wake wa kulia.

Swali la kumi na nne. Shamba la kijiji cha ujamaa lina urefu wa mita 400 na upana wa mita 250. Ni hekta ngapi? Pembeni wameandika, alama 3.

Mia nne mara mia mbili hamsini ni laki moja. Laki moja kwa elfu kumi ni kumi. Niliandika kumi. Kalamu haikutetemeka, Mwalimu Leah alisema kweli.

Kisha nikamtazama. Yeye alikuwa hajafika. Nikamwona anafika, kwa sababu mgongo wake ulinyooka. Alifanya kitu kwa vidole vya mguu chini ya benchi, alikanyaga, alikanyaga, kama mtu anayetembea amekaa. Halafu akaandika kwa haraka, akaweka kalamu chini, akatabasamu dirishani.

Laki moja kwa elfu moja ni mia.

Tulipotoka alinikimbilia mbele ya watu wote. "Umeliona? Umeliona lile letu?" Akanishika mkono na kuutikisa. Sikuwahi kuona mtu ana furaha hivyo kwa neno lililotoka mdomoni mwangu.


Jumamosi, 14 Oktoba

Hakuna cha kuandika.


Jumatano, 1 Novemba

Joto. Ng'ombe wanakwenda mbali kutafuta maji. Mbele za watu najigamba sana siku hizi, hata mbwa wa Mwalimu Mkuu amechoka.


Jumatatu, 20 Novemba

Mvua ya kwanza. Ilinyesha kwa kelele, ikaacha ghafla, kama mtu aliyekatwa kauli.


Jumamosi, 16 Desemba

Majibu yametoka. Mwalimu Mkuu alirudi kwa baiskeli, ameloa, akatukusanya barazani. Amefaulu mmoja. Ni mimi.

Miaka mitano, mmoja. Mwalimu Mkuu alinishika kichwa kwa mikono miwili akalia. Mwalimu Manase alinipa mkono, mara ya kwanza mkono wake kunigusa bila fimbo. Wanawake walipiga vigelegele. Niliinua mikono juu nikasema niliyotakiwa kusema, kwamba niliwaambia tangu Julai, na watu wakacheka.

Yunisi alipiga makofi na wengine. Alipoona hakuna jina jingine linalosomwa aliendelea kupiga, kisha akaacha.

Baadaye nilimsikia Mwalimu Manase akimweleza Mwalimu Leah. Ameiona orodha wilayani. Yunisi amekosa nafasi kwa alama mbili, amepitwa na msichana wa Ikungi. "Alama mbili," alisema. "Ni bahati mbaya tu." Mwalimu Leah alisema labda alikuwa na wasiwasi wa mama yake.

Wakasema wengine nao. Mjomba Antipasi ameandika kwamba mtoto wa kike hesabu hazimkai. Mama Marietha anasema ni kosa lake yeye kuugua. Kila mtu ana sababu yake, na kila mmoja anasema yake kwa uhakika.


Jumamosi, 30 Desemba

Yunisi ameondoka leo kwa lori la mahindi mpaka Manyoni, halafu treni mpaka Itigi. Alibeba mfuko mmoja. Nilikwenda barabarani kumsindikiza, na maneno nilikuwa nayo yote, nimeyapanga tangu alfajiri.

Yeye akaanza. "Shikamoo, mzee wa sekondari."

Sikuitikia. Akasema, "Usinune. Ulinifundisha vizuri. Mimi ndiye nilikosea mahali. Nimefikiri sana ni wapi, sijui. Sehemu, labda. Au lile swali la mto." Kisha akapanda, na alipokuwa juu akaniambia, "Mchotee mama maji mpaka utakapoondoka." Lori likaenda.

Nimepita shamba la ujamaa kurudi. Mvua imekubali mwaka huu, na minyaa haifi ukiichomeka, hata mtoto anajua. Vijiti vyote vimeshika. Vimechipua, kijani, mstari mia, mstari kumi, hekta tatu nyembamba zimesimama katikati ya shamba kama ua wa nyumba isiyokuwepo. Mwenyekiti alikuwa pale na watu wa jembe, ameshika kiuno, anauliza ni nani mwehu aliyepanda ua mahali pa kulima. Akaniuliza na mimi. Nikasema sijui. Ndiyo mara ya kwanza mdomo wangu kulitamka neno hilo, na lilikuwa uongo.

Daftari limebaki na ukurasa huu. Mwalimu Leah alisema atahesabu tu, hatasoma. Namwomba asome.

Hekta ni mita mia kwa mita mia. Nilijua tangu tarehe 26 Agosti, zikiwa zimebaki siku thelathini na tisa. Sikumwambia.